Posa Iliyopita Kinywani mwa Concy

Kwa mara ya tatu Mama Aloyo alimtazama Emile kama mtu aliyeingia na matope sebuleni, na kwa mara ya tatu Emile hakujua amekosea wapi.

Alikuwa amesema maneno ya kawaida tu. Alimsalimu, akamuulizia hali ya magoti yanayomsumbua, kisha akamtambulisha Mama Mdogo Huguette, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki kule Bukavu. Huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wake pekee hapa Kampala. Maneno yale Concy, mkalimani wao, aliyageuza kwa Kiacholi, taratibu, kwa ile sauti yake laini, mikono kaikunja mapajani. Alipomaliza, uso wa mama ukafunga kama duka.

Emile alijipangusa jasho shingoni. Suti aliyokuwa amevaa ilikuwa ya kuazima na ilimbana kwapani. Nje, watoto wa majirani walikuwa wakikimbizana, na redio ya fundi viatu ilipiga nyimbo za kanisani za Jumapili. Ndani ya sebule ile ya Kyebando hapakuwa na sauti ila ya Mama Mdogo Huguette akipumua kwa nguvu ndani ya vitenge vyake vipya vya vipande vitatu.

"Mtoto wangu," Huguette alimnong'oneza, "huyu mama tumemfanyia nini? Anatuangalia kama wezi wa kuku."

"Sijui, mama. Hata mimi sijui."

Na kweli hakujua. Hilo ndilo lililokuwa likimla. Angejua kosa lake angeomba radhi, hata kwa magoti. Lakini utaombaje radhi kwa kosa usiloambiwa? Mara ya kwanza alikuja na sukari na sabuni, akaondoka bila kuagwa. Mara ya pili alikuja na shali ya sufi, ikabaki juu ya meza ndani ya mfuko wake, haikuguswa. Mama Aloyo alikuwa amehamia kutoka Kitgum mwaka uliopita, kwa bintiye Adoch, ambaye Emile alikuja kumposa; Kiswahili hakukisema, na Kiganda cha sokoni alichokuwa nacho Emile hakikumfaa kitu mbele yake. Kiacholi, Emile alijua salamu na shukrani tu. Adoch mwenyewe hakuruhusiwa kuketi sebuleni akiposwa, haikuwa adabu. Kwa hiyo kila alichotaka kumwambia mama mkwe wa ndoto zake kilipita kinywani mwa Concy.

Concy alikuwa binti wa dada yake Mama Aloyo, amelelewa nyumba moja na Adoch, sasa anasuka nywele Kamwokya. Emile alimwona kama msaada aliotumiwa na Mungu. Ni Concy aliyekuja kwanza kwenye duka lake la vitenge Kikuubo, kabla ya Adoch. Na ni Concy aliyekuwa akimpigia simu kila baada ya ziara kumpa pole.

"Usikate tamaa, Emile," alimwambia baada ya ziara ya pili. "Mama anapima tu. Ila nikufiche kwa nini? Kuna Saverio, mkubwa wa Adoch kazini. Mama anampenda. Na Adoch hajamkataa."

Usiku ule Emile hakulala. Kulipokucha alimpigia Adoch, akamwambia maneno ambayo mwanamume hapaswi kumwambia mwanamke anayemtaka. Adoch alimsikiliza mpaka mwisho, akakata simu. Tangu hapo walikuwa hawajasemezana. Ziara ya leo ilikuwa imeshapangwa, na Emile alikuja kwa sababu kutokuja kungekuwa sawa na kukubali kwamba ameshindwa. Concy alimwambia Emile kwamba Adoch, askari wa barabarani, yuko kazini, anaongoza magari mjini.

"Mwambie mama," Emile alisema sasa, akiinama mbele kwenye sofa, "kwamba leo nataka kusema ya moyoni."

Concy alimtazama. Alikuwa amevaa gauni la kitenge cha njano chenye maua meusi, limemkaa vizuri. "Sema. Mimi nipo."

Emile alimtazama mama, si mkalimani. "Mama, mimi nilipoteza nyumbani mapema. Nilizoea kuishi kama mpita njia. Siku ya kwanza Adoch alipokuja dukani kwangu na Concy, alinikuta nakula chakula cha mchana nimegeukia ukuta. Akaniuliza, 'Wewe, mbona unakula umewapa watu mgongo, nani atakunyang'anya?' Nilicheka, lakini alipoondoka nilishindwa kumaliza chakula. Tangu siku hiyo sitaki tena kula peke yangu. Nataka nikiinua macho nimwone yeye. Na wewe, mama, kama utakubali, nataka nipate tena mtu wa kumwita mama na aitike."

Huguette alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Concy alikuwa ameinamisha uso, anavuta uzi kwenye pindo la gauni lake. Alikawia hata Emile akadhani hakusikia.

"Concy?"

"Nimesikia."

Akageuka kwa mama, akasema. Hotuba yote ile ya Emile ilitoka kwa Kiacholi ikiwa sentensi fupi fupi, kavu. Mama Aloyo aliweka kiganja juu ya goti na kuanza kunyanyuka.

Hapo pazia la chumba cha ndani likavutwa.

Adoch alisimama mlangoni, hana sare, hana viatu, amejifunga kanga kiunoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Emile aliinuka ghafla mpaka meza ikayumba. Siku zote zile za kununiana alikuwa amejiambia kwamba akimwona atajifanya hajali. Sasa alimwona, akasahau kujifanya.

"Rudia," Adoch alimwambia Concy kwa Kiswahili, makusudi, ili wageni wasikie. "Rudia ulichosema sasa hivi."

"Adoch! Si ulikwenda kazini?"

"Nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikapitia mlango wa nyuma. Kila Emile akija hapa, mama ananiambia mtu wako ana dharau. Mimi namjua Emile. Ana wivu, ana hasira za haraka, lakini dharau hana. Nikasema leo nisikie na masikio yangu. Rudia."

Concy alikaza macho sakafuni. Adoch akamgeukia Emile. "Unataka kujua umemwambia nini mama yangu? Umesema, 'Adoch ndiye aliyekuja dukani kujipendekeza, mimi nikamwonea huruma. Niambieni mnataka nini nimalize, watu wananingoja.' Na ulipoulizia magoti yake, unajua ulisema nini? Ulisema, 'Huyu mama mgonjwa nani atamtunza, maana mimi simo.'"

"Yesu wangu!" Huguette alishika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe mtoto wa kike, ni shetani gani amekutuma?"

Emile alihesabu moyoni. Ziara tatu! Mara ngapi usiku alikaa akijipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo: nilisema vibaya wapi, niliketi vibaya, nilivaa vibaya?

"Concy," alisema. "Ni kweli?"

"Nilikuwa namlinda dada yangu," Concy akajibu, lakini sauti yake laini ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Kwa lipi? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea?" Concy alisimama. "Nani alikuwa wa kwanza kuja dukani kwako? Mwaka mzima! Kila Jumamosi nikitoka saluni nilikuja. Ulinikalisha kwenye kigoda chako, ukaniagizia chai. Ukanipa hiki kitambaa, ukasema rangi hii imeumbwa kwa ajili yangu. Mimi nilikwenda nyumbani nikamwambia Adoch: nimepata mtu. Siku moja tu nikamleta akuone. Siku moja! Tangu siku hiyo hukuniona tena, hata nikiwa nimekaa mbele yako. Ukaanza kuniuliza, 'Adoch hajambo? Adoch anapenda nini?' Halafu ukanigeuza mkalimani wako. Mimi! Nikusaidie kumposa!"

Adoch alimsogelea. "Uliniambia umepata mtu," akasema polepole. "Hukuniambia ni yeye."

"Ungemwacha?"

Adoch alimtazama Emile.

"Umeona? Kwa hiyo nilimwacha yeye mwenyewe ajitoe. Nikamwambia habari za Saverio, nikajua atalipuka, na akalipuka."

"Saverio?" Adoch akamgeukia Emile. "Yale matusi yote ya kwenye simu yalikuwa ya Saverio? Mzee wa watu anayekaribia kustaafu, aliyenifundisha kazi? Mke wake ndiye aliyeniuguza nilipolazwa! Na wewe hukuniuliza hata neno moja?"

"Nilikuwa..." Emile alitafuta neno. Aibu na hasira vilimkaba kwa pamoja, na kwa kuwa aibu ilikuwa yake na hasira ilikuwa na mtu wa kumwangukia, akachagua hasira. Alimgeukia Concy.

"Unataka ukweli, Concy? Haya, chukua ukweli. Ulikuwa unakuja unagusa kila kitambaa na hununui. Majirani wangu wa dukani wakikuona unakuja walikuwa wananikonyeza, wananicheka. Chai nilikuagizia ili unyamaze. Na hicho kitenge unachokivaa kilikuwa na doa. Hakuna mteja aliyekitaka. Nilikupa ili uondoke. Hata Adoch asingezaliwa, wewe nisingekuchukua."

Redio ya fundi viatu ilisikika kama imewekwa katikati ya sebule.

Concy alijitazama kifuani, kwenye mikono, kwenye pindo. Wote walimtazama gauni, hata Huguette. Kisha akachukua mkoba wake na kutoka, hakubamiza mlango.

Emile alikuwa amengoja utamu wa kulipiza, na haukuja. Alipomtazama Adoch aliona uso ambao hakuwahi kuuona. Haukuwa wa hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma tena karatasi aliyokwisha kuisaini.

"Hilo hukupaswa kulisema," Adoch alisema.

"Baada ya yote aliyonifanyia?"

"Baada ya yote. Mimi nilikuwa nimeshasema. Kesi ilikuwa imekwisha. Wewe hukutaka haki, ulitaka aumie."

"Tuondoke, mtoto wangu," Huguette alisema, akinyanyuka kwa shida. "Nyumba hii si ya kwetu. Tuondoke na heshima kidogo iliyobaki."

"Kaeni chini."

Sauti ilikuwa kavu, ya amri, na ilisema Kiswahili. Emile aligeuka huku na huku kabla ya kuelewa imetoka wapi. Mama Aloyo alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake, chini ya picha ya marehemu mumewe aliyevalia sare za jeshi.

"Nimesema kaeni. Mama wa Kongo, wewe pia, pumzisha miguu."

Huguette aliketi kama aliyesukumwa.

"Mama," Adoch alisema, "unajua Kiswahili?"

"Niliolewa nikapelekwa kambini nikiwa binti mdogo kuliko wewe. Wanawake wa kila kabila tulichota maji bomba moja. Ulidhani tulikuwa tunaongea kwa vidole?" Alivuta pumzi. "Siku niliyomzika baba yako nilisema lugha hiyo naiacha kaburini. Kila mtu aliyeniletea habari mbaya kutoka jeshini aliniletea kwa Kiswahili. Sikutaka kukisikia tena mdomoni mwangu."

"Kwa hiyo ulisikia," Emile alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Kila neno. Lako na lake."

"Ulijua Concy anadanganya," Adoch alisema, "ukaniambia mimi kwamba Emile ana dharau?"

"Nilijua." Mama hakukwepesha macho. "Mara ya kwanza nilitaka kumkemea. Halafu nikaona uongo wake unanifaa. Nina mtoto mmoja. Huyu kijana kwao ni ng'ambo. Leo anauza Kikuubo, kesho kwao kunatulia, anakuchukua mnavuka mpaka, na mimi nabaki nawauliza wasafiri kama walikuona. Nikasema, acha Concy aseme. Atachoka huyu kijana, ataacha kuja, na mimi nitakuwa sijamfukuza mtu."

"Mama!" Adoch alitembea mpaka dirishani, akarudi, akasimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichokifuata. "Nimelia humu ndani. Ulinisikia nikilia. Uliniletea chai!"

"Nilikuletea chai kwa sababu nilikusikia."

"Sitaki chai yako!"

"Najua."

Emile alitamani kumshika mkono Adoch, lakini hakuwa na uhakika kama mkono ule bado ungemkubali. Alijikuta anasema na mama. "Leo umeamua kusema. Kwa nini leo?"

Mama Aloyo alimtazama, na safari hii uso wake haukufunga. "Hayo uliyosema ya kula umegeukia ukuta. Mume wangu alikuwa anakula hivyo akitoka vitani. Nilinyanyuka niende chumbani nisije nikalia mbele yako. Nilikuwa nataka kukujibu, kijana. Neno lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Halafu Adoch akatoka, na wewe ukafungua mdomo tena. Nikakusikia unavyosema na Concy. Sasa sijui nimjibu Emile yupi."

Emile aliinamisha kichwa. Kwa miezi alikuwa amelia kwamba mama hamsikii. Kumbe alisikiwa yote, mazuri na haya ya mwisho, na hakuna mkalimani wa kumsingizia.

Alinyanyuka bila kuaga, akatoka.

Concy alikuwa nyuma ya nyumba, karibu na bomba la maji, amesimama na mkoba begani. Hakuwa analia. Emile alisimama mbali naye kidogo.

"Concy. Kitenge hakikuwa na doa. Nilikuwa na hasira. Nilikichagua mimi mwenyewe kwenye mzigo mpya, na rangi ile nilisema kweli. Ila sikuwa na maana uliyoichukua. Ningekuwa mtu mzima ningekuambia mapema, badala ya kufaidi chai na mazungumzo yako. Nisamehe."

"Unadhani sijui kwamba hakina doa?" Concy alisema. "Nimekifua mimi, nimekikata mimi, nimekishona mimi. Nakijua kuliko wewe. Lakini uliposema vile, wote mle ndani walinikagua kutafuta doa. Hata mimi nilijikagua." Akarekebisha mkoba. "Sikusamehe, Emile. Na wewe usinisamehe. Niache hivi hivi. Nitalala Kamwokya kwa rafiki yangu."

Akapita pembeni yake, na gauni la njano likapotea nyuma ya ukuta wa jirani.

Aliporudi ndani, Mama Mdogo Huguette na Mama Aloyo walikuwa wameketi sofa moja. Mama Aloyo alikuwa anamuuliza mwenzake bei ya unga huko anakokaa, kama wanawake wawili waliokutana kliniki. Alipomwona Emile alinyamaza.

"Leo imeharibika," alisema. "Sitakujibu leo. Nitaita ndugu wa mume wangu, na wewe utakuja tena na mama yako huyu. Utasema na mimi uso kwa uso. Nikikataa, nitakukatalia mwenyewe. Nikikubali, nitakubali mwenyewe. Hilo tu nakuahidi."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Nimekukosea na wewe umenivunjia nyumba. Tuko sare."

Huguette aliitiwa bodaboda, akapandishwa kiubavu na vitenge vyake, akaondoka akimsihi dereva kwa majina ya watakatifu wote. Adoch alimsindikiza Emile mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka. Walitembea bila kugusana, kupita genge la chapati, kupita mafundi wa pikipiki waliomsalimu Adoch kwa heshima ya polisi hata akiwa na kanga.

"Ile simu," Emile alisema. "Yale niliyokuambia juu ya Saverio..."

"Usiombe radhi sasa. Umeomba kwa Concy, nimekusikia dirishani. Ukiomba mara mbili kwa siku moja nitaona ni mazoea."

"Basi nifanye nini? Niambie. Nimechoka, Adoch. Nimechoka kubahatisha."

Adoch alisimama. Upepo wa jioni ulimpeperushia kanga, akaishika.

"Ulipomsema Concy vile, niliogopa," alisema. "Niliona siku moja utanikasirikia mimi, na utajua pa kunichoma, maana nitakuwa nimekuonyesha mwenyewe. Nimejaribu tangu pale sebuleni kuacha kukupenda. Nimesimama dirishani nikakutazama na hiyo suti ya kuazima, unaomba radhi usiyopewa, nikasema sasa itakwisha." Akatikisa kichwa, machozi yakamlengalenga, lakini hakuyaruhusu kudondoka. "Haikwishi. Bado nakutaka. Na hilo ndilo linalonikera kuliko yote."

Emile alipiga hatua moja kumwelekea. Adoch akamwekea kiganja kifuani, si kwa kumsukuma, si kwa kumvuta.

"Nenda," alimwambia. "Mimi nashuka Kamwokya kumtafuta dada yangu."

Akageuka, akasimamisha bodaboda kwa mkono ule ule wa kusimamishia magari, akapanda, akaondoka bila kutazama nyuma.